MSANII WA PLEBEKI USUKUMANI HATOBOI! Hata Beethoven alipigwa sapraizi jukwaani

Wapo wasanii, majina kapuni, wanapanda jukwaani, wimbo unacheza kwenye fleshi, wao wanarusha mikono tu. Umeme ukikatika na shoo imeisha. Wadau wa Kakola na Bulyanhulu wakiguna wana haki, maana huku kuna ngoma ambayo ukija umekariri unaumbuka mchana kweupe.

Ni Bagika na Bagalu. Unaambiwa karne ya 19 walikuwepo waganga wawili, Ngika na Gumha, kila mmoja akijigamba dawa yake ndiyo kiboko. Ubishi ukahamia uwanjani, wafuasi wakagawanyika, na mpaka leo ni Simba na Yanga tu.

Wanakutana baada ya mavuno, na hapa ndipo patamu: hawachezi kwa zamu. Wanacheza muda mmoja, jirani kabisa, na watu wako huru kukimbilia upande wowote. Mwenye watu wengi kashinda. Hakuna majaji wala kura za meseji.

Sasa wewe ndiye manju, Wasukuma wanasema ningi. Unaimba vizuri, ghafla wenzako wametoa nyoka, watu mbio kule! Wimbo uliotunga wiki nzima unauweka pembeni, unamtupia mpinzani kijembe cha palepale, na mpiga ngoma wako anatakiwa akudake bila kuambiana neno. Asipokudaka unabaki na nzi. Wazee wanasema kuna samba, dawa ya mvuto. Sawa, ila dawa haijui kujibu kijembe. Asiyeamini aende Bujora, Kisesa, mwezi wa sita kwenye Bulabo.

Watu wa fidla na piano ndio wanaonekana hawana mambo hayo, suti na noti tu. Thubutu! Mei 24, 1803, mjini Vienna, Beethoven alipanda na George Bridgetower, mpiga fidla ambaye baba yake alikuwa mweusi. Kazi ilikuwa mbichi kiasi kwamba sehemu ya pili Bridgetower aliisoma kwa kuchungulia karatasi ya Beethoven. Na kwenye sehemu ya kwanza, Beethoven alipomwaga madoido kwenye piano, jamaa akayadaka, akayarudisha kwa fidla, kitu ambacho hakikuandikwa popote! Kwa maelezo ya Bridgetower mwenyewe, Beethoven aliruka kutoka kwenye kiti, akamkumbatia, akamwambia arudie.

Basi bwana, wakaja kukorofishana, inasemekana kisa mwanamke. Beethoven akafuta jina la mshikaji, kazi akamtunuku mpiga fidla mwingine, Kreutzer, ambaye inasemekana hakuipiga hata siku moja. Na ndilo jina dunia inalolijua mpaka leo.

Usukumani mtu akikudhulumu hivyo, msimu ujao unamwimba uwanjani, watu wote wanasikia. Bridgetower alifariki London mwaka 1860, uwanja huo hakuupata.

Haya, Bagika au Bagalu, wewe uko upande gani?