Matanga Yasiyowekwa

Wanachama wenzangu, sisi tunaoshindania istilahi, niruhusuni nikiri kosa langu la ukalimani.

Mnamo Aprili 2023, miili ilianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Malindi, ambako inadaiwa waumini walihimizwa kufunga hadi kufa. Hatimaye ilizidi 400. Shangazi yangu alikuwa na binti aliyehamia huko. Nilimsindikiza kutoa sampuli ya vinasaba, kisha tukaketi na mshauri nasaha, nami nikawa mkalimani wa Kigiriama.

Mshauri aliuliza iwapo shangazi ana dalili za kiwewe. Neno hilo nalijua tangu shahada ya kwanza. Nikalifasiri kuwa hofu. Shangazi akajibu kwamba haogopi kitu. Mshauri akaandika kuwa hali yake ni njema.

Usiku ule nilimwona akisonga sima ya watu wawili. Sahani moja aliifunika, akaiweka kando ya mlango. Alfajiri akawamwagia kuku. Nilipomwuliza, alisema, "Mwanangu, ndivyo nifanyavyo kila siku. Huenda akaja na njaa."

Tulirudi kwa mshauri. Safari hii sikufasiri istilahi yoyote. Nilimwomba shangazi asimulie usiku wake. Mshauri aliweka kalamu chini, akasikiliza.

Miili ya kwanza ilikabidhiwa jamaa mnamo Machi 2024. Wa kwetu hakuwamo. Matanga hatujayaweka, basi tutayaondoaje? Ila sasa shangazi ana mtu wa kumsimulia habari ya sahani ile.