Siri ya Ali Kinshasa: hakuegemea kamba tu, alimshika Foreman shingo

Vijana wengi wanaojifunza ngumi hawapendi kumkumbatia mpinzani. Wanasema ni kazi ya mwoga. Lakini pigano kubwa kuliko yote yaliyopiganwa katika ardhi ya Congo lilishindwa kwa sehemu kubwa kwa njia hiyo.

Ilikuwa tarehe 30 Oktoba 1974, saa kumi za usiku, mjini Kinshasa, katika uwanja wa 20 Mai, ambao leo unaitwa Tata Raphaël. Muhammad Ali alikuwa na miaka 32. George Foreman, bingwa wa dunia, alikuwa na miaka 25 na mapigano 40 bila kushindwa hata moja. Joe Frazier na Ken Norton walikuwa wamewahi kumshinda Ali. Foreman aliwaangusha wote wawili, kila mmoja ndani ya raundi mbili. Hata watu wa upande wa Ali walikuwa na hofu.

Wazee wanaposimulia usiku ule, wanataja kamba: Ali aliziegemea, akafunika uso, akamwacha Foreman apige mpaka achoke. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Foreman alipoingia karibu, Ali alimweka mkono nyuma ya shingo, akamvuta kichwa chini na kumlalia. Ali alikuwa na karibu kilo 98. Mwenye mzigo kama huo shingoni hawezi kurusha ngumi ya nguvu, na kila anapotaka kujinyoosha anapoteza pumzi. Refa Zack Clayton aliwatenganisha, mchezo ukaendelea, Ali akashika tena.

Kushika kuna hatari yake. Refa anaweza kumwonya mchezaji na hata kumkata pointi. Tena anayeshika bila kupiga hapati kitu. Ali alishika, akaachia, akapiga ngumi za haraka usoni. Baada ya raundi saba, wahesabu pointi wote watatu walikuwa wamemweka mbele.

Katika raundi ya nane mikono ya Foreman ilikuwa imekwisha nguvu. Ali alitoka kwenye kamba, akapiga mfululizo, na bingwa akaanguka.

Watu wanakumbuka ngumi ile ya mwisho. Kijana anayetaka kujifunza aangalie raundi saba za kwanza, aifuate mikono ya Ali kila wanapokaribiana.