Macho Manne kwa Pigo Moja

Ndugu msomaji, chukua kijiti, kishike kwa mikono miwili, kiinue juu ya bega, kisha kishushe kwa nguvu kama mtu apigaye nyoka. Sasa jiulize: kilichotangulia kushuka ni kiuno au mikono? Kidole kipi kilibana, na kipi kililegea? Huenda usiweze kujibu, ijapokuwa kiuno ni chako na vidole ni vyako. Mambo yatendekayo katika robo ya sekunde humpita hata yule anayeyatenda.

Wachezaji wa gofu wamelitambua jambo hili tangu zamani. Hapa nchini mchezo huo huchezwa na watu wachache, katika viwanja kama vya Gymkhana ya Dar es Salaam, vya Arusha na Morogoro, na vile vya Lugalo vilivyo chini ya Jeshi letu la Wananchi. Wengi wetu tupitao kando huona mtu akizungusha fimbo, tukasikia mlio, basi. Lakini nyuma ya mchezaji yupo kijana ambebeaye mfuko wa fimbo, na kijana huyo huona mengi. Mpwa wangu ni mmoja wao. Amebeba mifuko ya watu kwa miaka saba sasa. Jioni, wenye mifuko wakiisha kwenda zao, naye hupiga mipira yake, akitumaini kuwa siku moja atacheza kwa malipo, kama walivyoanza wachezaji wengi wa Afrika Mashariki. Yeye ndiye aliyenionyesha haya nitakayokusimulia. Nami sikuyaona kiwanjani Dar es Salaam. Niliyaona kwetu Lituhi, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, alipokuja likizo.

KASI INAYOLISHINDA JICHO

Yafaa kwanza tufahamiane kuhusu kasi yenyewe. Mchezaji hodari wa gofu huchukua kama robo tatu ya sekunde kuinua fimbo, na kama robo ya sekunde kuishusha mpaka mpirani. Kichwa cha fimbo kifikapo chini huwa kinakwenda zaidi ya kilometa 160 kwa saa, nacho hugusana na mpira kwa muda usiotimia hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kamera ya kawaida ya video hupiga picha 25 au 30 kila sekunde. Katika ile robo ya sekunde hupata picha saba hivi, na baina ya picha moja na ya pili kichwa cha fimbo kimekwisha kuruka zaidi ya meta moja. Yaliyotokea hapo katikati hayajulikani.

Binadamu alianza kupambana na shida hii hata kabla ya sinema. Mwezi Juni 1878, huko Palo Alto, California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kwa mstari kando ya njia ya farasi, akatandika nyuzi njiani. Farasi alipozigusa, kila uzi ulifyatua kamera yake. Ndipo ilipothibitika kwamba farasi akimbiapo kuna wakati miguu yote minne imeacha ardhi, tena imekunjwa chini ya tumbo, wala haikunyooshwa mbele na nyuma kama wachoraji walivyokuwa wakiichora siku zote. Miaka 60 baadaye, mwaka 1938, Harold Edgerton wa chuo cha MIT cha Marekani alitumia taa ya kumweka mara nyingi katika sekunde moja, akalipata pigo zima la mchezaji gofu Densmore Shute katika picha moja, fimbo zimetandaa kama mkia wa tausi.

Leo kazi hiyo hufanywa na simu. Simu nyingi hupiga picha 120 au hata 240 kwa sekunde, kisha huzionyesha kwa mwendo wa taratibu. Walimu wa gofu huweka moja mbele ya kifua cha mchezaji, nyingine nyuma yake kwenye mstari wa kuelekea shabaha, na wenye uwezo huongeza ya tatu na ya nne.

FUNDI WA MITUMBWI

Lituhi ilikuwa katika Wilaya ya Mbinga hadi Wilaya ya Nyasa ilipoanzishwa mwaka 2012. Ukitoka Songea unapita Kitai, kisha unateremka mpaka ziwani. Kaskazini, ng'ambo ya Mto Ruhuhu, milima ya Livingstone imesimama kama ukuta, na usipa huanikwa juani. Hapo ndipo aishipo baba yangu mdogo, fundi wa mitumbwi ya gogo, mzee aliyevuka miaka sabini. Magogo makubwa yamekuwa adimu na maboti ya mbao yameenea, lakini wavuvi wangali wanamjia.

Shida ni kwamba hana mrithi. Vijana kadhaa walikwisha jaribu, akiwamo mwanawe wa kumzaa. Kila mmoja alishika tezo kwa siku chache, viganja vikapasuka, bega likavimba, akaacha. Mwanawe alikwenda Songea kuendesha bodaboda, huku nyuma akasemwa kuwa ni mvivu mwenye mkono mzito. Maneno hayo yaliwatenganisha baba na mwana kwa miaka mingi, hata salamu zikawa za kupitia kwa watu.

Mpwa wangu alimtazama babu yake akichonga asubuhi nzima, kisha akanivuta kando na kuniambia kwamba pigo la tezo ni ndugu wa pigo la gofu: mikono miwili, mpini mrefu, uzito mwishoni, na nguvu inayozunguka kutoka nyuma kuja mbele. Akaomba ruhusa ya kulipiga picha. Mzee alicheka, akakubali.

JINSI TULIVYOZIPANGA

Tulikusanya simu nne. Mbili zilipiga picha 240 kwa sekunde na mbili 120. Tofauti hiyo haikudhuru kitu, maana picha moja ya zile za 120 hulingana na kila picha ya pili ya zile za 240. Ya kwanza tuliiweka mbele ya fundi, kimo cha kiuno. Ya pili nyuma yake, sambamba na gogo. Ya tatu kushotoni, chini kabisa, karibu na mchanga. Ya nne tuliifunga kwenye tawi la mwembe, ikitazama chini. Kila moja ilikazwa barabara, kwa sababu kamera ikisogea kidogo au ikikaa kimshazari hudanganya: mkono ulio nyuma huonekana uko mbele.

Mpwa wangu alichagua saa ya jua kali, nami nikajifunza sababu yake. Ili kitu chenye kasi kisionekane kama ukungu, mlango wa kamera hauna budi kufunguka kwa muda mfupi mno, kama sehemu moja ya elfu mbili ya sekunde. Muda huo ni mdogo hata kwa nuru kuingia, kwa hiyo jua kali ni mali. Ndani ya nyumba kuna tatizo jingine: taa nyingi za umeme wetu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kamera ya kasi huona, na picha hutoka zikiwaka na kufifia.

Lililobaki ni kuzipatanisha saa za simu nne, ambazo hakuna mwenye kidole cha kuzianzisha kwa nukta moja. Wengine hupiga makofi na kufuata mlio. Hata hivyo sauti husafiri kiasi cha meta 340 tu kwa sekunde. Simu iliyo mbali kwa meta saba huipata ikiwa imechelewa, na kwa picha 240 kuchelewa huko ni karibu picha tano. Sisi tulifuata alama ya kuonekana: nukta ile ambayo ncha ya tezo inagusa mti. Kila simu iliiona, na kutoka hapo tukahesabu picha kurudi nyuma.

VIDOLE VILIVYOLEGEA

Tangu tezo lilipokuwa juu mpaka lilipouma mti tulihesabu picha 70 hivi, yaani chini ya theluthi ya sekunde. Simu ya mbele ilionyesha kwamba kiuno cha mzee kinageuka kwanza, mabega yakafuata, mikono ikaja nyuma kabisa. Mpwa wangu akapiga kelele za furaha, maana utaratibu huo ndio unaohimizwa katika gofu, naye ameutafuta mwilini mwake kwa miaka.

Lakini jambo kubwa lilitoka katika simu ya tatu, ile ya mchangani, kwani kwenye nyingine goti lilikuwa limeficha. Picha chache kabla tezo halijagusa mti, vidole vya mkono wa chini hulegea. Mpini hubaki umeegemea kiganjani kama ndege aliyetua. Tezo linauma, mtikisiko unapita, ndipo vidole vinafunga tena. Tulilitazama pigo la pili, la tatu, la kumi. Vilevile kila mara.

Ndugu msomaji, kwa miaka arobaini mzee huyu alikuwa akiwaambia vijana wake neno moja: "Shika kwa nguvu!" Nao walishika kwa nguvu, kila kishindo cha mti kikapanda kiganjani, kiwikoni, hadi begani. Alikuwa akiwafundisha kwa kinywa kinyume cha yale ambayo mkono wake ulikuwa ukitenda, wala hakuwa akificha kitu. Mkono ulijua, mwenye mkono hakuwa na habari.

Mzee aliomba aonyeshwe tena. Akatazama mara tatu bila kusema neno, kisha akaviinua vidole vyake mwenyewe, akavikunja na kuvikunjua. Mwishowe alimwuliza mpwa wangu kama picha hiyo yaweza kufika Songea. Ilifika jioni hiyohiyo. Kabla ya usiku kuingia simu ililia, mwana akamwamkia baba yake, nao wakazungumza mpaka salio likaisha.

KAMERA NI SHAHIDI

Nisingependa udhani kwamba simu nne zimechukua nafasi ya mwalimu. Mzee mwenyewe alitukumbusha hilo. Alisema kuwa mkono tumeuona, lakini mti hatujausikia. Akagonga ubavu wa mtumbwi kwa kifundo cha kidole, hapa ukalia mzito, pale mwepesi. Kwa mlio huo hujua ubao umebaki unene gani, na mahali pa kuacha kuchonga. Hilo halikuwamo katika picha yoyote. Hata gofuni, asema mpwa wangu, wapo wenye maelfu ya picha za mapigo yao ambao mpira wao bado unaingia kichakani. Kamera ni shahidi mwaminifu wa yaliyotokea; kuyatia mwilini ni kazi ya siku nyingi, mbele ya mtu anayejua.

Lakini shahidi naye ana thamani yake. Katika nyumba zetu za mijini, wangapi tumekwisha ambiwa, au tumewaambia watoto wetu, kwamba hawana kipaji, mikono yao mizito, hawafai? Hukumu hizo twazitoa kwa jicho lisiloona robo ya sekunde, tukirudia maagizo ambayo hata wakubwa wetu hawakuyafuata.

Yamkini nawe una mama ambaye chapati zake hazijaigwa na yeyote, au baba fundi cherehani, au shangazi asukaye ukili bila kutazama. Ukienda kumsalimu, chukua simu yako, na ya ndugu yako, na ya jirani. Weka moja mbele, moja kando, moja chini karibu na vidole. Mwombe afanye kazi yake kama kawaida, kwenye jua la kutosha. Kisha keti naye mtazame pamoja, polepole, ukimwuliza. Fanya hivyo angali ana nguvu za kukujibu.