Jembe la Adhabu

Katika shule za bweni mashambani humu nchini, si ajabu jembe kukabidhiwa mwanafunzi aliyechelewa gwaride la asubuhi. Atalipendaje basi? Vyama vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilifufuliwa rasmi mwaka wa 2021, ila bustani ya sukumawiki haistawi mikononi mwa wanaotumikia adhabu. Mwalimu mwenye busara huanza na sungura, ambaye samadi yake haiunguzi miche hata ikiwa mbichi. Ya kuku sharti ioze kwanza. Lakini sungura hana likizo. Hubeba mimba takriban siku 31, na shule ifungwapo Agosti, wanafunzi huenda zao, naye hubaki bandani, pengine ananyonyesha. Ni nani atakayemkatia majani? Heri swali hilo lijibiwe kabla ya banda kuezekwa.