Kunyong'onyea

Neno droop la Kiingereza nililikuta chuoni Arua. Limetokana na drúpa, neno la lugha ya kale ya Skandinavia, maana yake kuinamisha kichwa. Nikalitafsiri "kunyauka". Mhadhiri akalikata kwa wino mwekundu: kilichonyauka kimekauka, hakirudi.

Likizoni nilifika nyumbani Koboko nikiwa na deni la karo. Mama, aliyejifunzia Kiswahili sokoni kwa wachuuzi kutoka Kongo, akanitazama. "Mwanangu, mbona umenyong'onyea?"

Sikujibu. Akanionyesha miche ya tumbaku aliyoipandikiza asubuhi, majani yameinama kwa jua. "Hata hii imenyong'onyea. Ngoja jioni."

Tukaimwagilia. Jua lilipozama, miche mingi ilikuwa imeinua majani.

Deni la karo bado ninalo, ila tafsiri nimeisahihisha.