Mkojo wa mtoto aliye tumboni

Kimya kimekuwa kirefu, si kwa ubaya. Hapa Usa River mvua haikatiki, Meru hatujauona siku ya nne leo, bumu limeisha na mitihani iko mlangoni. Ila kilichoninyima raha hasa ni dada yangu. Mimba yake ina wiki 29. Wiki iliyopita alipigwa ultrasaundi mjini, akaambiwa maji ya mtoto ni machache, karatasi imeandikwa sentimita 4. Usiku akanipigia simu: "Mdogo wangu, wewe si unasoma baiolojia? Hii nne maana yake nini?"

Basi bwana, nikazama maktaba. Kumbe maji yanayomzunguka mtoto sehemu kubwa ni mkojo wake mwenyewe! Usicheke. Figo zake huanza kutoa mkojo kwenye wiki ya 10 hadi 12 hivi, na mimba ikishavuka wiki ya 16 mkojo ndio unaojaza chupa. Mtoto anayameza yale maji, yanaingia kwenye damu, figo zinachuja, anakojoa tena. Uchafu wa damu yake unaondolewa na kondo la nyuma, kwa hiyo hata mtoto asiye na figo anaweza kukua tumboni. Balaa linakuja akizaliwa, maana bila maji mapafu hayakui vizuri. Daktari Edith Potter wa Chicago aliwaeleza watoto wa namna hiyo mwaka 1946.

Kwa hiyo ukipima maji, umepima na figo. Tumbo la mama linagawanywa mafungu manne, kila fungu linapimwa kina cha dimbwi kubwa la maji, halafu unajumlisha. Kawaida ni kati ya sentimita 5 na 25. Zamani, miaka ya 1960 na 1970, walichota maji kwa sindano wakapima kriatinini, ambayo hupanda kadiri figo za mtoto zinavyokomaa. Ikifika miligramu 2 kwa desilita, walijua mimba iko kwenye wiki 37 hivi. Siku hizi ultrasaundi imechukua nafasi hiyo.

Mama yeye alishapata mchawi: maji ya bomba. Sisi watu wa huku tunajulikana kwa meno ya kahawia, miamba ya volkano ya Meru inamwaga floraidi kwenye chemchemi na visima vyetu. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na hapo Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kilichokazana kuichuja kwa mkaa wa mifupa. Mama hajakosea kuyaogopa hayo maji. Lakini kwenye orodha ya sababu za maji ya uzazi kupungua sikuikuta floraidi. Nilikuta chupa inayovuja, kondo lisilofanya kazi vizuri, figo zisizoumbika, njia ya mkojo iliyoziba... na dawa.

Hapo kwenye dawa nikashtuka. Nikampigia dada, nikamuuliza anameza nini. Akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa: "Si diklofenaki tu, ya mgongo, wiki ya tatu sasa." Kanunua mwenyewe duka la dawa, kama tunavyonunua wote.

Jamani, Oktoba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo: kuanzia wiki ya 20 mjamzito aepuke diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao, labda daktari aone lazima. Zinapunguza damu inayofika kwenye figo za mtoto, mkojo unapungua, maji yanakauka. Mara nyingi mama akiacha maji yanarudi, ingawa si mara zote. Aspirini ya dozi ndogo anayoandikiwa mtu na daktari haimo kwenye onyo hilo, usije ukaiacha kwa sababu yangu.

Mimi si daktari, nikamwambia arudi hospitali na pakiti yake mkononi. Amerudi. Wamemwachisha vidonge, wameangalia kama chupa inavuja, haivuji. Figo zote mbili zimeonekana, na kibofu cha mtoto kilikuwa na mkojo. Wadau, sijawahi kufurahia mkojo wa mtu kiasi hiki.

Alhamisi anapimwa tena. Nne inaweza kupanda, inaweza kubaki pale pale, na hapo ndipo tutajua kama ni dawa au kuna lingine. Mgongo bado unamuuma, mama anamkanda kwa maji ya moto. Nami narudi kwenye daftari. Kama kwenu kuna mjamzito, leo hii muulize anameza nini, hata kama ni "ya mgongo tu".