Daftari la Wasikilizaji

Hapa Mwenge, mchonga vinyago anamjua mteja wake. Anamwona akiupapasa mpingo, akiuliza bei, akiondoka, akirudi. Sisi wapiga muziki bahati hiyo ilitupita, na nadhani umaskini wetu mwingi umetokana na hilo kuliko uhaba wa vipaji.

Enzi za kaseti, miaka ya 1990, nilimpelekea msambazaji mmoja wa Kariakoo nyimbo zangu sita. Alinilipa mara moja, fedha taslimu. Baadaye nilizisikia kwenye daladala, kwenye baa za Sinza, hata Morogoro. Ziliuzwa kaseti ngapi? Kwa nani? Yeye alijua, mimi sikujua. Ikaja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA. Ni jambo jema, lakini sheria humlinda mwenye mali, haimtafutii mnunuzi.

Siku hizi mpwa wangu huniambia, "Mjomba, duka ni simu." Ni kweli kwa kiasi chake. Unalipa ada, kampuni ya kusambaza inaupeleka wimbo wako Spotify, Apple Music na Boomplay kwa mpigo. Tuliweka nyimbo nne. Baada ya miezi kadhaa ikaja taarifa: idadi ya waliosikiliza, nchi zao, na senti zetu. Tangu 2024 Spotify hailipii wimbo ambao haukusikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12. Wangu uliotangulia ulikuwa umefika 640. Na kuna mtu huko Oman aliyeurudia kila wiki! Ni nani huyo? Mtu wa Tanga aliyeolewa Muscat? Tarakimu haina jina. Nilimwona msambazaji wangu wa Kariakoo yule yule, safari hii kavaa suti.

Mwaka 1998, huko Marekani, mwanamuziki Derek Sivers alikuwa akiuza CD zake na za rafiki zake kwa intaneti, katika duka aliloliita CD Baby. Kanuni yake moja imenikaa moyoni: CD ikiuzwa, msanii hupewa jina na anwani ya mnunuzi. Na si mbali na kwangu, Mburahati, vijana wa Sisso walirekodi singeli ambayo mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala iliitoa kwa jina Sounds of Sisso na kuiuza Bandcamp, ambako muuzaji huona barua pepe ya aliyenunua. Singeli ya uswahilini ikaalikwa kwenye matamasha ya Ulaya. Ila Bandcamp humtaka mnunuzi awe na kadi ya benki au PayPal. Msikilizaji wangu wa Sinza ana M-Pesa.

Kwa hiyo tumenunua daftari, la shule, lenye mistari. Nikipiga harusini Kijitonyama, mpwa wangu hupita mezani: jina, namba ya simu, na wimbo alioupenda. Wimbo mpya ukitoka, huwatumia kipande kwa WhatsApp. Anayeutaka wote hulipa shilingi 3,000, naye hutumiwa. Safari ya kwanza tulikuwa na majina 212, wakalipa 74. Hiyo ni 222,000. Studio ilitutoza 250,000.

Tukiwa bado tunadaiwa zile 28,000, akaja kijana mmoja nadhifu wa mikopo ya simu. Alitaka daftari tu, alipige picha, atupe 300,000. Msomaji, wimbo mzima haukuwa umenipa kiasi hicho. Nilimwambia kwamba tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hilo halikumtisha. Basi nikamwambia lililo kweli zaidi, kwamba watu wale walinipa namba zao wapate kusikia gitaa, si kukumbushwa madeni. Akaenda zake. Mpwa wangu alinuna hadi magharibi.

Ijumaa tukaanza kuwapigia wale 138 ambao hawakuwa wamelipa, mmoja mmoja, si kwa kudai, bali kuuliza kama kipande kiliwafikia. Wengine walikuwa wamebadili simu. Mama mmoja wa Ubungo alituweka robo saa akisimulia ndoa ya bintiye. Kumi na tisa walilipa siku ile ile, na jioni mpwa wangu akapanda daladala kupeleka fedha ya studio.